Kwenda Washington kuona maua ya cheri: mwongozo kwa anayekwenda mara ya kwanza

Kila mwaka, Januari ikielekea ukingoni, simu yangu hujaa swali lile lile: "Tuje lini kuona yale maua?" Leo ni binamu aliye Minnesota, kesho ni jirani wa zamani aliyehamia Texas, keshokutwa ni mama mdogo anayetaka kuwaleta watoto likizo ya masika. Mimi naishi Silver Spring, Maryland, nusu saa hivi kwa treni hadi katikati ya Washington, na nimeshawapeleka wageni wengi kiasi kwamba majibu nayajua kwa moyo. Basi nimeyaandika yote hapa ili ukiuliza nikutumie, nawe umtumie mwenzako.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote: tarehe inapangwa na mti. Ukikubali hilo, safari yako itakuwa nzuri. Ukipanga kwa kalenda ya ukutani, unaweza kutumia mamia ya dola kuja kutazama majani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Siku tatu au nne za likizo ambazo unaweza kuzisogeza mbele au nyuma kati ya tarehe 18 Machi na 7 Aprili.
- Tiketi ya ndege, treni au basi inayobadilishika, na chumba kinachofutika bila faini hadi siku mbili tatu kabla.
- Kadi ya SmarTrip kwa ajili ya treni za mji, ya plastiki au ya kwenye simu. Kila mtu na yake. Hamwezi kupita wawili kwa kadi moja.
- Viatu ulivyokwisha kuvizoea. Kuzunguka bwawa la Tidal Basin, ambalo micheri imepandwa kandokando yake, peke yake ni zaidi ya kilomita tatu, na hapo bado hujahesabu kutoka kituoni.
- Koti, kofia na kitu cha kuzuia mvua. Mwisho wa Machi alfajiri inaweza kuwa nyuzi 3 za Selsiasi na mchana ikafika 17, kwa hiyo vaa nguo juu ya nguo ili uweze kupunguza.
- Chupa ya chai, maji, kitu cha kutafuna na betri ya akiba ya simu.

Anayetoka Nairobi ana kazi moja zaidi: viza ya matembezi. Hiyo ianze mwaka uliotangulia, na usilipe tiketi kabla ya kuipata.

Hatua ya 1: Tenga kipindi, usitenge siku

Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani, inayojulikana kama NPS, ndiyo inayoitunza miti hii. Kwao "kilele" ni siku ambayo asilimia 70 ya maua ya micheri aina ya Yoshino kandokando ya bwawa la Tidal Basin yamefunguka. Mara nyingi siku hiyo huangukia wiki ya mwisho ya Machi au siku za mwanzo za Aprili, lakini isikupumbaze. Mwaka 1990 kilele kilikuwa tarehe 15 Machi. Mwaka 1958 kilikuwa tarehe 18 Aprili. Hapo katikati kuna zaidi ya mwezi mzima. Miaka ya karibuni imekuwa hivi: 21 Machi 2022, 23 Machi 2023, 17 Machi 2024, 28 Machi 2025. Februari ikiwa na joto, maua huwahi. Machi ikiwa na baridi, hungoja.

Kwa hiyo mwambie bosi wako mapema kabisa: "Nitahitaji siku tatu mwishoni mwa Machi, nitakutajia zipi siku kumi kabla." Wengi hukubali wakiambiwa Januari. Wachache hukubali wakiambiwa Jumanne kwa ajili ya Alhamisi.

*Kosa la kawaida:* kusikia "maua ya cheri ni Aprili" na kukata tiketi. Shangazi yangu alifanya hivyo mwaka 2023. Alikuja kutoka Houston tarehe 8 Aprili, tiketi isiyobadilishika, na kilele kilikuwa kimepita wiki mbili nzima. Nilisimama naye kando ya maji, juu yetu majani mabichi matupu. Akainama, akaokota petali moja iliyokuwa imeganda kwenye zege, rangi yake imeshakuwa ya chai, akaiweka kwenye kiganja na kuitazama muda mrefu bila kusema neno. Tuliiokoa safari yake, nitaeleza huko chini, lakini sitaki yakukute.

*Kosa jingine:* kuchanganya tamasha na maua. Tamasha la kitaifa la maua ya cheri huchukua wiki kadhaa, lina gwaride lake na siku ya kurusha tiara, na ratiba yake hupangwa miezi mingi kabla. Maua hayaifuati. Ukitaka gwaride, fuata ratiba ya tamasha. Ukitaka maua, endelea na hatua ya pili.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma matumba

Hii ndiyo hatua inayowashinda watu, nami naipenda kuliko zote. NPS hutangaza makisio ya kilele mwanzoni mwa Machi, lakini wenyewe husema kwamba zaidi ya siku kumi kabla ni vigumu mno kukisia sawasawa. Jambo unaloweza kulitegemea ni hatua sita za tumba, ambazo hutangazwa moja baada ya nyingine:

1. Tumba la kijani. Ni gumu, dogo kama punje ya mtama, na limechongoka kidogo. Bado sana.
2. Vijimaua vinaonekana. Kichwa cha tumba kimepasuka na ndani unaona vichwa vidogo vimebanana. Zimebaki siku 16 hadi 21.
3. Vijimaua vinajitokeza nje. Siku 12 hadi 17.
4. Vikonyo vinarefuka. Kila kijimaua sasa kinaning'inia kwenye uzi wake wa kijani, ncha yake ina wekundu mpevu. Siku 5 hadi 10.
5. Matumba yamefura na kuwa meupe, kama bisi zinazokaribia kupasuka. Siku 4 hadi 6.
6. Kilele.

Tangazo la hatua ya nne ndilo la kulisubiri. Likitoka, thibitisha tiketi siku hiyo hiyo. Lenga kufika siku moja au mbili kabla ya kilele, ili ukikosea kidogo bado uwe ndani. Baada ya kilele maua hukaa siku nne hadi saba. Kukiwa na ubaridi na utulivu yanaweza kufika kumi, na upepo wenye mvua unaweza kuyamwaga yote kwa usiku mmoja. Tazama pia kamera inayorusha picha za Tidal Basin mubashara kwenye intaneti. Kama huna mwenyeji mjini, hiyo ndiyo macho yako.

Watu huniuliza kwa nini yanachanua yote kwa mpigo. Micheri ya Yoshino huzalishwa kwa kubebesha, kama tunavyobebesha miembe, kwa hiyo ni kama mti mmoja uliojirudia maelfu ya mara. Ukiamka mmoja, inaamka yote. Ndiyo sababu uzuri wake ni mkubwa hivyo, na ndiyo sababu ukikosa, umekosa.

Hatua ya 3: Chagua siku za kazi, lala karibu na treni

Jumanne, Jumatano na Alhamisi ndizo siku zangu. Jumamosi ya kilele, kuanzia saa tano asubuhi, njia ya kuzunguka bwawa inakuwa kama Kariakoo wiki ya sikukuu: unakwenda kwa mwendo wa aliye mbele yako.

Hoteli za katikati ya mji hupanda bei sana wiki hizo. Usihangaike nazo. Tafuta chumba Silver Spring, Bethesda, Arlington au Alexandria, ilimradi unaweza kutembea kwa miguu hadi kituo cha Metro, yaani treni za mji. Tangazo likisema "karibu na Washington", liulize: dakika ngapi kwa miguu hadi kituo gani? Jibu lisipokuja wazi, tafuta kwingine.

Hatua ya 4: Fika bila gari

Uwanja wa ndege wa Reagan National uko kwenye njia ya treni, na njia ya Bluu inakupeleka moja kwa moja hadi kituo cha Smithsonian. Dulles nao umeunganishwa na njia ya Fedha tangu Novemba 2022. Tenga saa nzima hivi. Ukishukia BWI, uwanja wa ndege wa upande wa Baltimore, kuna basi la bure hadi stesheni ya reli, kisha treni ya MARC au Amtrak hadi Union Station, stesheni kuu ya Washington. Kutoka New York, treni huchukua saa tatu na nusu hivi. Basi ni nafuu zaidi lakini foleni hulichelewesha.

Ukija na gari, liache kwenye kituo cha Metro cha pembezoni, kama vile Greenbelt. Vituo vingi havitozi maegesho Jumamosi na Jumapili. Nakusihi usiliingize gari hadi kwenye bwawa. Nimeona familia ikizunguka saa nzima na nusu ikitafuta pa kuegesha, watoto wanalia nyuma, maua yanaonekana dirishani na hakuna anayeweza kushuka.

Hatua ya 5: Alfajiri ya siku yenyewe

Nataka uwe kando ya maji saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ile ambayo simu itaandika 6:30. Mwishoni mwa Machi jua huchomoza karibu na saa moja kamili. Angalia usiku wa kuamkia hapo treni ya kwanza inaondoka saa ngapi kituoni kwako, maana wikiendi huchelewa kuliko siku za kazi. Ikishindikana, siku hiyo moja ndiyo ya kulipia teksi.

Shuka Smithsonian, toka upande wa mtaa wa Independence, kisha tembea kuelekea magharibi ukiuacha Mnara wa Washington upande wako wa kulia. Baada ya robo saa hivi utayaona maji. Zunguka ukiyaweka maji upande wa kushoto.

Sehemu ya kwanza, ukingo wa kaskazini, ndiko historia ilikoanzia. Karibu na mwisho wa mtaa wa 17 kuna micheri miwili mizee yenye bamba la shaba chini yake. Ilipandwa tarehe 27 Machi 1912 na mke wa Rais Taft, Helen, pamoja na mke wa balozi wa Japani, Chinda. Miti 3,020 ilikuwa zawadi ya mji wa Tokyo, chini ya meya wake Yukio Ozaki. Miti 2,000 iliyotangulia, iliyofika Januari 1910, ilikutwa na wadudu na magonjwa, ikabidi ichomwe moto. Tokyo hawakukasirika wala hawakusema basi, walituma mingine. Huwa nawasimulia wageni hilo wakiwa wamesimama pale pale, mkono kwenye gome lililopasuka la mti uliopita karne moja, na huwaona wakinyamaza.

Mbele kidogo utaikuta taa ya mawe ya Kijapani, iliyochongwa mwaka 1651. Kisha sanamu kubwa ya Martin Luther King Jr. anayetazama ng'ambo ya maji. Simama hapa jua linapochomoza. Ng'ambo kuna jengo jeupe la kuba la kumbukumbu ya Jefferson, maji yametulia kama kioo, na weupe wa maua unageuka kuwa wa waridi kwa dakika chache tu. Piga picha zako, kisha weka simu mfukoni utazame kwa macho.

Endelea kupita kumbukumbu ya Roosevelt hadi kwa Jefferson. Vyoo viko sehemu zote mbili; tumia unapovikuta, usingoje. Tambua pia kwamba kuta za kingo zilianza kukarabatiwa mwaka 2024, kwa kuwa zilikuwa zimezama na maji ya kujaa yalikuwa yakiifunika njia mara mbili kwa siku. Zaidi ya micheri mia moja ilikatwa kupisha kazi hiyo, pamoja na ule mti mfupi wenye shina tupu ambao watu walikuwa wakiuita Stumpy. Ukikuta uzio, fuata alama zake, hata kama ramani ya simu yako inasema pita.

*Onyo kwa wenye watoto:* sehemu kubwa ya bwawa haina kizuizi ukingoni. Mtoto mdogo ashikwe mkono, na kigari chake kikae upande wa nchi kavu. Mvua ikiwa imenyesha, mawe huteleza.

*Onyo kwa wote:* usichume ua, usivute tawi, usipande mti kwa ajili ya picha. Ni kosa kisheria na unaweza kulipishwa faini, lakini hata isingekuwa sheria, tawi la mcheri mzee likivunjika, jeraha huingiza maradhi. Droni nazo haziruhusiwi Washington. Ukivaa kitenge au khanga picha zitatoka vizuri mno kwenye weupe ule. Rangi ya manjano na ya buluu ndizo ninazozipenda.

Pia usikanyage udongo wa karibu na shina. Mizizi ya micheri iko juu juu, na maelfu ya miguu kila mwaka huukandamiza udongo hadi mti ukakosa pumzi. Pita kwenye njia.

Hatua ya 6: Jipange kwa mchana

Ifikapo saa nne asubuhi umeshamaliza, na umati ndio unaingia. Kunywa chai yako, kisha chagua moja. Makumbusho ya Smithsonian yote mjini ni bure, na ya sanaa ya Afrika yako jirani tu. Makumbusho ya historia ya Wamarekani Weusi nayo ni bure, lakini pasi yenye saa uiombe mapema mtandaoni. Wazee waliochoka wapeleke wakakae ndani, pana joto na viti.

Anayetaka maua zaidi aende Kenwood, mtaa wa makazi huko Bethesda, ambako micheri imefunga barabara juu kama hema la harusi. Yale ni makazi ya watu: tembea barabarani, usiingie kwenye nyasi za mtu, na usitegemee kupata pa kuegesha. Au nenda bustani ya taifa ya miti, National Arboretum, kaskazini mashariki ya mji. Kiingilio bure, aina za micheri ni nyingi, na huchanua kwa kupokezana.

Mambo yakienda kombo

*Nimefika, maua bado.* Tafuta micheri ya matawi yanayoinama. Hutangulia Yoshino kwa wiki moja hivi. Iliyomo Arboretum, hasa aina ya Okame, huwahi zaidi. Na kama hatua ya tano imeshatangazwa, sogeza tiketi ya kurudi siku mbili mbele kama unaweza.

*Baridi kali imetabiriwa.* Hapa kuna hatari ya kweli. Katikati ya Machi 2017 baridi ilishuka maua yakiwa karibu kufunguka, ikaua karibu nusu ya Yoshino. Joto likishuka kwenye nyuzi 3 chini ya sifuri, maua machache huumia. Likifika 4 na nusu chini ya sifuri, karibu yote. Subiri tangazo la NPS la siku inayofuata kabla ya kufuta safari, kwa sababu matumba yaliyofungwa huvumilia kuliko yaliyofunguka.

*Mvua imenyesha usiku kucha.* Nenda hivyo hivyo. Petali huelea juu ya maji na kufanya zulia jeupe linalosogea na upepo, na watu huwa wachache.

*Napiga chafya.* Usiilaumu micheri. Chavua yake hubebwa na nyuki, haipeperuki sana. Wanaokutesa ni mialoni na miti mingine ya masika. Meza dawa yako ya aleji kabla ya kutoka nyumbani.

*Tumepotezana.* Mtandao wa simu hulemewa na umati. Kabla ya kuanza kuzunguka, kubalianeni mahali pa kukutania. Mimi hutaja ngazi za Jefferson, zinaonekana kila upande. Mtoto aandikiwe namba ya simu yako mkononi kwa kalamu.

*Nimechelewa, nakuta majani.* Vuka hadi East Potomac Park, uteremke kuelekea Hains Point. Huko ndiko iliko micheri ya aina ya Kwanzan, inayochanua wiki mbili hivi baada ya Yoshino. Maua yake ni ya waridi iliyokolea, mazito, petali juu ya petali. Ndiko nilikompeleka shangazi alasiri ile ya Aprili. Tulitandika khanga chini ya mti mmoja, tukamimina chai, na ua zima, zito kama pompomu ya kofia ya mtoto, likaanguka kwenye mapaja yake. Lile alilichukua, akalifunga kwenye kitambaa, akarudi nalo Houston.